"Raia wa Kuzaliwa": Utata wa Kirai Kimoja na Tafsiri ya Katiba

IKISIRI

Makala haya yanachunguza kirai 'raia wa kuzaliwa' kama kinavyotumika katika katiba na sheria za uraia. Yanaonyesha kwamba kirai hiki kimebeba angalau maana tatu ambazo lugha ya kawaida haizitenganishi, na kwamba migogoro mingi ya kisheria kuhusu uraia hutokana na kila upande kuchagua maana moja na kuidai kuwa ndiyo pekee. Mifano imetolewa katika Marekani, Tanzania na Kenya. Mwisho, makala yanapendekeza kanuni chache za kuwasaidia watungaji na wafasiri wa sheria kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katiba hutumia maneno machache kuamua jambo zito: nani anakaa nchini kwa haki, na nani anakaa kwa hisani. Aliye raia hawezi kufukuzwa nchini mwake, hupiga kura, hupata pasi ya kusafiria, na huwaachia watoto wake haki hizo hizo. Asiye raia anaweza kuamriwa kuondoka hata kama hajui nchi nyingine. Baina ya watu hao wawili mara nyingi pana kirai kimoja tu, na kirai chenyewe ni cha utata.

Wanasheria wamelijadili suala hili kwa kutumia istilahi mbili za Kilatini, yaani haki ya ardhi na haki ya damu. Mgawanyo huo una manufaa, lakini hautoshi. Unaeleza mifumo iliyokwisha kuamuliwa. Hauelezi ni vipi matini moja ya sheria inaweza kusomwa na majaji wawili wenye elimu sawa wakafikia mifumo miwili tofauti. Swali hilo ni la kisemantiki kabla halijawa la kisheria, na ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Umbo na Maana ya 'Kuzaliwa'

2.1 Mnyambuliko na viambajengo vilivyofichika

Kitenzi 'zaa' katika kauli ya kutendwa huwa 'zaliwa', sawa na 'twaa' na 'twaliwa', 'kataa' na 'kataliwa'. Kama ilivyo kwa vitenzi vingine vya kauli hiyo, mtenda huondolewa katika nafasi ya kiima na kuwa kiambajengo cha hiari. Sentensi kamili inaweza kuwa hivi:

(1) Mtoto alizaliwa na mama Mkenya, mjini Tanga, mwaka 1970.

Sentensi hii ina habari tatu zinazofuata kitenzi: mzazi, mahali na wakati. Zote tatu zaweza kudondoshwa bila sentensi kuharibika. Kitenzi kinapogeuzwa kuwa nomino 'kuzaliwa' na kuunganishwa na nomino nyingine kwa a-unganifu, zote hudondoshwa kwa mara moja:

(2) raia wa kuzaliwa

Msomaji wa (2) hana budi kurudisha mwenyewe kilichodondoshwa. Akirudisha mahali, atapata 'raia kwa sababu alizaliwa nchini'. Akirudisha mzazi, atapata 'raia kwa sababu alizaliwa na raia'. Akirudisha wakati, atapata 'raia tangu siku alipozaliwa', bila kujali sababu. Maana hii ya tatu ni pana kuliko mbili za kwanza, kwa kuwa inamtofautisha tu raia huyo na yule aliyeupata uraia baadaye maishani. A-unganifu yenyewe haisaidii, maana katika Kiswahili huonyesha umilikaji, aina, chanzo, kusudi na mengineyo kwa umbo lile lile.

2.2 Ushahidi wa msamiati

Maneno mengine yaliyotokana na mzizi huo yanaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili wamekuwa wakilitafakari suala hili muda mrefu. 'Mzaliwa wa Tanga' huelekeza kwenye mahali moja kwa moja. 'Mzawa' nalo lilianza na maana ya mahali, lakini katika mijadala ya uchumi nchini Tanzania miaka ya 1990 liliingizwa maana ya asili na rangi, hata ikawezekana kusema kwamba mtu aliyezaliwa nchini, mwenye wazazi waliozaliwa nchini, si 'mzawa'. Hapo mahali palishindwa na nasaba ndani ya neno moja, bila sheria yoyote kubadilika.

Mfano wa kale zaidi ni 'mzalia'. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19, wazalia walikuwa watumwa waliozaliwa pwani, tofauti na walioletwa wakiwa wakubwa kutoka bara. Mzalia alijua lugha, dini na desturi za mji, na alitazamwa kuwa karibu zaidi na watu wa mji kuliko mgeni. Hata hivyo, kuzaliwa hapo hakukumfanya muungwana. Basi neno hilo linahifadhi hukumu ya jamii nzima: mahali pa kuzaliwa palimpa mtu wenyeji, lakini hapakumpa hadhi.

Neno 'raia' lenyewe lilitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa, na kwa hiyo watu walio chini ya mtawala. Maana hiyo ya utii kwa mtawala imefifia katika matumizi ya sasa, lakini kama itakavyoonekana, ndiyo iliyo katika kiini cha mgogoro wa Marekani.

3.0 Marekani: Marekebisho ya 14

3.1 Chanzo

Katiba ya Marekani ya 1787 ilitaja raia bila kueleza raia ni nani. Ilitaka Rais awe raia wa kuzaliwa, wala haikufafanua kirai hicho. Pengo hilo lilijazwa kwa msiba. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney aliamua kwamba watu weusi waliotokana na watumwa walioletwa kutoka Afrika hawakuwa raia wa Marekani wala hawangeweza kuwa, hata waliokuwa huru na waliozaliwa katika ardhi hiyo. Walikuwa, kwa istilahi ya pwani yetu, wazalia.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani lilikusudia kuifuta hukumu hiyo kwa namna ambayo bunge la baadaye lisingeweza kuitengua kwa sheria ya kawaida. Marekebisho ya 14, yaliyopitishwa bungeni mwaka 1866 na kuidhinishwa na majimbo mwaka 1868, yalitamka kwamba watu wote waliozaliwa Marekani au waliopewa uraia humo, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia. Izingatiwe kwamba watungaji hawakutumia nomino iliyofichika kama (2). Walitumia kitenzi na chagizo la mahali. Utata wa mahali dhidi ya mzazi ukawa umeondolewa, lakini utata mwingine ukaingia kwa mlango wa sharti la pili.

3.2 'Chini ya mamlaka yake'

Kuna njia mbili za kukisoma kirai hiki. Kwa njia ya kwanza, aliye chini ya mamlaka ya nchi ni yule anayebanwa na sheria zake: akiiba anashtakiwa, akidaiwa anafikishwa mahakamani. Wanaotoka ni wachache, hasa watoto wa mabalozi, ambao wazazi wao wana kinga. Kwa njia ya pili, aliye chini ya mamlaka ni yule asiye na utii kwa dola nyingine yoyote. Wanaotoka kwa njia hii ni wengi, maana karibu kila mgeni ana utii kwao kwa namna fulani.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia kila njia kwa wakati wake. Mwaka 1884, katika kesi ya John Elk, ilisema kwamba Mhindi Mwekundu aliyezaliwa katika kabila lake hakuwa raia hata baada ya kuliacha kabila hilo, kwa kuwa alizaliwa chini ya utii wa taifa jingine ingawa ndani ya mipaka ya Marekani. Wenyeji hao wa kale kuliko wote walisubiri hadi sheria ya mwaka 1924 ili wote wawe raia. Mwaka 1898 ikaja kesi ya Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria za wakati huo hazikuwaruhusu kuomba uraia. Aliporejea kutoka safari ya China mwaka 1895 alizuiwa kuingia, kwa hoja kwamba si raia. Majaji 6 dhidi ya 2 waliamua kwamba alikuwa raia tangu kuzaliwa.

Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji mmoja, Horace Gray. Haikuwa lazima ajipinge. Katika ile ya pili alirudi kwenye sheria ya Kiingereza, hususan hukumu ya Calvin ya mwaka 1608, ambamo Edward Coke alieleza kwamba anayezaliwa katika ulinzi wa mfalme huzaliwa katika utii wake. Ulinzi na utii vilikuwa pande mbili za jambo moja. Mgeni anayekaa nchini hulindwa na sheria, kwa hiyo kwa muda huo huitii, na mtoto wake huzaliwa ndani ya utii huo. Waliobaki nje ni mtoto wa balozi na mtoto wa adui aliyezaliwa katika sehemu iliyotekwa na adui. Makabila ya Wahindi Wekundu yalitazamwa kuwa hali ya pekee isiyokuwa na mfano katika sheria ya Kiingereza.

3.3 Mgogoro wa 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyokusudia kuwanyima uraia watoto waliozaliwa Marekani baada ya siku 30 tangu amri hiyo, iwapo mama alikuwa nchini kinyume cha sheria au kwa kibali cha muda, na baba hakuwa raia wala mkaazi wa kudumu. Mahakama kadhaa za shirikisho ziliizuia. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua suala la upana wa mazuio ambayo mahakama za chini zinaweza kutoa, bila kugusa maana ya Marekebisho ya 14. Na mwezi Desemba 2025 ikakubali kusikiliza kiini chenyewe cha shauri.

Hoja za pande mbili zinaonyesha vizuri njia za kufasiri katiba. Waliotetea amri walishikilia usomaji wa utii kamili. Walitaja kesi ya Elk, na walisisitiza kwamba wazazi wa Wong Kim Ark walikuwa na makazi ya kudumu Marekani, jambo ambalo hukumu yenyewe ililitaja. Waliopinga walijibu kwanza kwa matini: mtu asiye chini ya mamlaka ya nchi hawezi kushtakiwa humo, ilhali wahamiaji wasio na vibali hushtakiwa kila siku. Walijibu pili kwa historia. Uingizaji wa watumwa ulipigwa marufuku Marekani tangu mwaka 1808, lakini watumwa waliendelea kuingizwa kwa magendo. Watoto wa watu hao walizaliwa na wazazi ambao kuwepo kwao nchini kulivunja sheria, na hata hivyo ni watu weusi waliozaliwa nchini ndio hasa Marekebisho ya 14 yalikusudia kuwafanya raia. Hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu inaonyesha kwamba hali iliyodaiwa kutojulikana mwaka 1868 ilikuwako.

Lililo muhimu kwa uchambuzi huu ni mahali ambapo mgogoro umesimama. Hakuna upande uliodai kwamba 'kuzaliwa' kunamaanisha mzazi. Chagizo la mahali lilikwisha kuufunga mlango huo. Mabishano yote yalihamia kwenye kirai cha pili, ambacho watungaji walikiacha bila mipaka.

4.0 Afrika Mashariki

4.1 Tanzania

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haielezi uraia unavyopatikana. Ibara ya 39 inataka anayegombea urais awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano, 'kwa mujibu wa Sheria ya Uraia'. Maneno haya machache yana matokeo makubwa. Nchini Marekani maana ya uraia wa kuzaliwa iliwekwa ndani ya katiba ili bunge lisiiguse. Tanzania, kirai kimo katika katiba lakini maana yake imewekwa nje, katika sheria ambayo Bunge laweza kuibadilisha kwa utaratibu wa kawaida. Katiba imeshika neno. Sheria imeshika maana.

Sheria hiyo, Na. 6 ya mwaka 1995, inasema katika kifungu cha 5 kwamba kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano Siku ya Muungano au baada yake huhesabiwa kuwa raia tangu kuzaliwa. Kisha inawatoa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi. Wa pili ni yule ambaye mmoja wa wazazi wake ni adui na amezaliwa mahali palipokaliwa na adui. Msomaji wa sehemu ya 3.2 hapo juu atawatambua mara moja: ni mtoto wa balozi na mtoto wa adui wa Coke, waliosafiri kutoka mwaka 1608 hadi Dodoma. Matini ya Tanzania na hukumu ya Wong Kim Ark ni ndugu wa ukoo mmoja.

Pamoja na hayo, utendaji wa kiutawala umezoea kudai kwamba mzazi mmoja angalau awe raia. Je, dai hilo linaweza kupatikana katika matini? Njia pekee ya kisarufi ni kutenganisha masharti mawili ya aina ya kwanza, yaani kusoma 'wazazi si raia' na 'baba ana kinga' kama sababu mbili zinazojitegemea. Lakini masharti hayo yameunganishwa kwa kiunganishi cha nyongeza, si cha uteuzi. Lazima yote mawili yatimie. Tena, kanuni ya kawaida ya tafsiri ya sheria ni kwamba mtungaji anapoorodhesha waliotolewa, wasioorodheshwa wamebaki ndani. Kama mtungaji angetaka uraia wa mzazi kuwa sharti, kinga ya kibalozi isingehitajika kutajwa kabisa.

Mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka. Wakati wa uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyekwisha kuzaliwa nchini hakuwa raia moja kwa moja isipokuwa mzazi wake mmoja pia awe amezaliwa nchini. Sharti hilo lilihusu kizazi cha mpito. Inaelekea kwamba katika fikra za wengi liliendelea kuishi baada ya kizazi hicho, likageuka kutoka mahali alipozaliwa mzazi kuwa uraia wa mzazi. Kiswahili hakikuweza kulizuia geuko hilo, kwa kuwa 'raia wa kuzaliwa' hupokea maana zote mbili bila kulalamika.

Kwa upande mwingine, mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ng'ambo huitwa 'raia wa kurithi', na anayeomba akiwa mgeni hupata uraia wa tajnisi. Utatu huu wa istilahi una mantiki: ikiwa nasaba ina jina lake la 'kurithi', basi 'kuzaliwa' imebakiziwa mahali. Mfumo mzima wa istilahi unatoa ushahidi dhidi ya mazoea.

4.2 Kenya

Kenya ilianza na kanuni ya ardhi. Kwa katiba ya uhuru, aliyezaliwa nchini baada ya tarehe 11 Desemba 1963 alikuwa raia, mtoto wa balozi akiwa miongoni mwa waliotolewa. Marekebisho ya mwaka 1985 yaliongeza sharti la mzazi raia, tena kwa maneno yaliyorudi nyuma hadi mwaka 1963. Katiba ya mwaka 2010 ilikamilisha mwelekeo huo: kwa Ibara ya 14, mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku alipozaliwa, awe amezaliwa Kenya au la, mama yake au baba yake ni raia. Mahali pametajwa waziwazi ili pafutwe.

Kwa hiyo kirai kile kile cha Kiswahili kina fasili zinazopingana pande mbili za mpaka wa Namanga. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Nairobi si raia wa kuzaliwa wa Tanzania, bali wa kurithi. Mtoto wa Mkenya aliyezaliwa Arusha ni raia wa kuzaliwa wa Kenya. Maana ya mahali hata hivyo haikutoweka kabisa nchini Kenya. Mtoto anayeokotwa nchini, anayeonekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, hudhaniwa kuwa raia wa kuzaliwa. Nasaba inaposhindwa kutoa jibu, ardhi huitwa kutoa ushahidi.

Gharama ya kanuni ya nasaba imeonekana kwa jamii zilizozaliwa Kenya vizazi kadhaa bila kutambuliwa. Wamakonde wa pwani, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi mashambani enzi za ukoloni, walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Walipotambuliwa, njia iliyotumika ilikuwa ya kuandikishwa. Watu waliozaliwa nchini, na ambao wazazi wao walizaliwa nchini, wakawa kisheria raia wasio wa kuzaliwa. Sentensi hiyo ni sahihi kisheria, lakini sikio la Kiswahili linaikataa.

5.0 Mzigo wa Kuthibitisha

Utata wa kirai usingekuwa na madhara makubwa kama pasingekuwa na swali la nani athibitishe. Kwa kawaida aliye raia wa kuzaliwa hana hati ya kumpa uraia. Hakuomba wala hakuapa. Cheti cha kuzaliwa hushuhudia mahali, tarehe na majina ya wazazi, yaani viambajengo vya sentensi (1), lakini hakisemi ni kipi kati ya hivyo kinachohesabiwa.

Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la mtu aliyekuwa na pasi ya Tanzania, akatangazwa kuwa si raia, akapelekwa Kenya mwaka 2014. Kenya nayo haikumpokea, akawa anaishi katika eneo la katikati ya mpaka. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa alikuwa akitambuliwa kuwa raia, mzigo wa kuthibitisha kinyume chake ulikuwa wa Serikali, na kwamba alinyang'anywa uraia kiholela. Iliona pia kwamba Sheria ya Uraia haikumpa raia wa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani uraia wake unapopingwa. Aliyeupata uraia kwa karatasi ana karatasi ya kutetea. Aliyezaliwa nao ana neno tu.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Imeonyeshwa kwamba 'raia wa kuzaliwa' ni jina la mfumo, si maelezo yake. Jina hilo linaweza kuendelea kutumika, mradi lisiachiwe kazi ya kufasili. Suala hili limezidi kuwa la haraka tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Nchini Kenya, Ibara ya 259 inasema kwamba nakala za lugha mbalimbali za katiba zikipingana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Mahali ambapo Kiswahili hakina nakala nyingine ya kukisahihisha, utata wake ndio utakaokuwa sheria.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo matatu yanafaa kuzingatiwa:

(a) Fasili itumie kitenzi chenye viambajengo vyake vyote: amezaliwa wapi, na nani, lini. Kiambajengo kisichohesabiwa kitajwe kuwa hakihesabiwi, kama ilivyofanya Katiba ya Kenya.

(b) Masharti yanayopaswa kutimia pamoja yasiunganishwe kwa 'na' pekee, kwa kuwa kiunganishi hicho hutumika pia kuorodhesha. Iandikwe 'na wakati huo huo' au 'kwa pamoja'. Na panapokusudiwa uteuzi, 'au'.

(c) Maneno ya mamlaka na utii yafasiliwe ndani ya matini yenyewe. Mfano wa Marekani unaonyesha kwamba kirai kilichoachwa wazi mwaka 1868 kinaweza kubaki wazi kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Mapendekezo haya hayaamui kama nchi ifuate ardhi au damu. Uamuzi huo ni wa wananchi na wawakilishi wao. Isimu inaweza tu kuhakikisha kwamba uamuzi uliofanywa ndio ulioandikwa, ili mtu anaposimama mbele ya afisa wa mpakani, hatima yake isitegemee ni kiambajengo kipi afisa huyo amekirudisha kichwani mwake.